Barua kwa Mhariri: Riwaya za Star Trek zilistahili mwisho, na zilipewa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo kurasa za utamaduni za magazeti yetu hulipita bila kuligusa kila zinapotangaza kuanza kwa mfululizo mpya wa hadithi za kubuni za kisayansi. Tunaelezwa nani anaigiza, msimu una vipindi vingapi na utaonekana kupitia huduma gani ya intaneti. Hatuelezwi kinachozipata riwaya. Ulimwengu mkubwa wa aina hii, kama vile Star Trek, Star Wars na Doctor Who, una mamia ya riwaya zilizoandikwa kwa leseni ya wenye mali, na riwaya hizo zimeyaendeleza maisha ya wahusika kwa miaka mingi ambayo runinga na sinema zilikuwa kimya. Siku runinga inaporejea na kuisimulia miaka hiyohiyo kwa namna yake, msomaji aliyezifuata riwaya hujikuta ameshika historia mbili zisizopatana, na mara nyingi hakuna anayemwambia azichukulieje.

Mimi naamini kwamba mwenye mfululizo ana haki kamili ya kutunga upya, kwa kuwa wahusika ni mali yake na runinga haiwezi kufungwa mikono na vitabu ambavyo watazamaji wake wengi hawajavisoma. Lakini haki hiyo inaambatana na wajibu mmoja, nao ni kuwaachia waandishi wa riwaya nafasi ya kuifunga hadithi waliyoianzisha. Mwaka 2021 wajibu huo ulitimizwa kwa riwaya za Star Trek. Mwaka 2014 haukutimizwa kwa riwaya za Star Wars. Tofauti kati ya mambo hayo mawili ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, na ndiyo iliyonifanya nikuandikie.

Ili kuelewa kwa nini mgongano huu hauepukiki, ni vyema kujua riwaya ya namna hii inavyozaliwa. Mwandishi hamiliki wahusika anaowaandikia na, kwa kawaida, hamiliki hata hakimiliki ya maandishi yake mwenyewe. Mchapishaji amenunua leseni, naye mwandishi hulipwa kuandika chini ya leseni hiyo. Muhtasari wa hadithi hupelekwa kwanza katika ofisi ya mwenye mfululizo, ukikubaliwa muswada nao hupelekwa, na chochote kinachopingana na yaliyokwisha kuonekana kwenye runinga huondolewa. Sheria hiyo inakwenda upande mmoja tu. Riwaya hairuhusiwi kuipinga runinga, ilhali runinga inaweza kuipinga riwaya wakati wowote, bila kuuliza na bila kueleza. Mwandishi wa riwaya hizi ni mtu aliyejenga nyumba kwenye kiwanja cha mwenzake, akijua tangu siku ya kwanza kwamba mwenye kiwanja anaweza kurudi kukitumia. Kwa Star Trek kanuni hiyo haijawahi kufichwa: kilichoonekana kwenye runinga na sinema ndiyo historia rasmi, na riwaya ni masimulizi yanayoruhusiwa kuwepo kando yake.

Kwa miongo mitatu ya kwanza kanuni hiyo haikuumiza sana. Star Trek ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966, ikasimamishwa mwaka 1969, na riwaya ya kwanza mpya kwa wasomaji watu wazima iliandikwa na James Blish mwaka 1970. Mwaka 1979 kampuni ya Pocket Books ilishika leseni, na katika muongo uliofuata ilitoa vitabu vingi ambavyo karibu kila kimoja kilisimama peke yake. Mwaka 1984 John M. Ford aliwachora Waklingoni, jamii ya wapiganaji wa anga, kwa undani ambao runinga haikuwahi kuufikia, akawapa michezo yao, nasaba zao na hofu zao. Miaka mitatu baadaye mfululizo mpya ukaanza na taratibu ukajenga Waklingoni wa namna nyingine kabisa. Mwaka 1994 Judith na Garfield Reeves-Stevens walitoa riwaya kubwa kuhusu Zefram Cochrane, mgunduzi wa mwendo wa kasi kuliko mwanga, na ilipofika mwaka 1996 filamu ya First Contact ilimpa Cochrane tabia na maisha mengine. Vitabu hivyo vilipitwa, lakini kwa kuwa kila kimoja kilikuwa na mwanzo na mwisho wake, msomaji hakupoteza kitu. Kitabu cha Ford bado kinasomeka leo kwa utamu uleule, na mtu anayetaka kujua namna ya kuubuni utamaduni wa watu wasiokuwepo hatapata mwalimu bora.

Hali ilibadilika mwaka 2001. Mfululizo wa Star Trek uitwao Deep Space Nine ulikuwa umemalizika mwaka 1999, ukiacha kituo chake cha anga na wakazi wake katikati ya mabadiliko makubwa baada ya vita. Mhariri Marco Palmieri na mwandishi S. D. Perry waliamua kuendelea pale runinga ilipoachia, na wakatoa Avatar, riwaya ya sehemu mbili iliyosomeka kama kipindi cha kwanza cha msimu ambao haukupigwa picha. Ilipendwa. Mwaka 2002 filamu ya Nemesis haikufanya vizuri sokoni, mwaka 2005 mfululizo wa Enterprise ukasitishwa, na kuanzia hapo hadi mwaka 2017 hapakuwa na mfululizo wowote mpya wa Star Trek kwenye runinga. Filamu zilizotoka mwaka 2009, 2013 na 2016 zilichukua mkondo mwingine wa wakati. Maana yake ni kwamba Nahodha Picard, Riker, Troi, Worf, Kira, Janeway na wenzao waliachwa mikononi mwa waandishi wa riwaya peke yao, na waandishi hao wakafanya kile ambacho runinga ya zamani ilikuwa inakiogopa: waliwaacha wahusika wabadilike, wazeeke, wapande vyeo, waoane, wafe.

Naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu mtu asiyezisoma riwaya hizi hawezi kupima kilichopotea. Mwaka 2005 Riker alipewa riwaya zake mwenyewe akiwa nahodha wa chombo cha Titan, kilichokuwa na wanamaji wa jamii nyingi za anga kuliko chombo chochote kilichowahi kuonyeshwa. Mwaka 2007 Peter David alimuua Janeway, na wasomaji wakabishana kwa miaka hadi Kirsten Beyer alipomrejesha mwaka 2012 kwa namna ambayo, kwa maoni yangu, ilikuwa na heshima zaidi kuliko kifo chenyewe. Mwaka 2008 David Mack aliandika vitabu vitatu vya Destiny, ambamo Borg, viumbe nusu mashine wanaowateka wengine na kuwafanya kama wao, wanashambulia kwa nguvu zao zote, watu bilioni 63 wanauawa, na mwishowe Borg wenyewe wanakoma kuwepo, si kwa kupigwa bali kwa kukombolewa na jamii kongwe ya Caeliar, iliyohusika na chanzo chao. Baada ya hapo kila riwaya iliyofuata ilibeba uzito wa vifo hivyo: sayari zilizoteketea, wakimbizi, serikali iliyoishiwa nguvu, maadui wa zamani wakiunda muungano mpya. Picard na Daktari Beverly Crusher walikuwa wameoana, wakapata mtoto wa kiume, René, naye akalelewa ndani ya chombo. Mwaka 2012 Mack huyohuyo alimrejesha Data, afisa mwenye umbo la mtu lakini aliyetengenezwa kama mashine, aliyekuwa amejitoa mhanga mwishoni mwa filamu ya 2002. Waandishi zaidi ya kumi walishirikiana katika kazi hii, wakipelekeana taarifa, wakihakikisha cheo alichopewa mtu katika kitabu cha mmoja hakisahauliki katika kitabu cha mwingine. Sijui mfano mwingine wa riwaya ambapo waandishi wengi kiasi hicho walishika uzi mmoja kwa takriban miaka ishirini.

Kisha, tarehe 23 Januari 2020, ukaanza mfululizo wa Star Trek: Picard.

Mfululizo huo unaanza mwaka 2399 wa hadithi, lakini unaeleza miaka iliyotangulia kwa urefu, na miaka hiyo ndiyo riwaya zilikuwa zimeikaribia. Katika runinga Picard anakuwa admirali, anaongoza kazi ya kuwahamisha Waromulani, jamii hasimu ya anga, kabla nyota yao haijalipuka, kazi hiyo inavunjika baada ya shambulio la Mars la mwaka 2385, naye anajiuzulu na kurudi kwenye shamba lake la mizabibu nchini Ufaransa, mpweke, bila mke na bila mtoto anayemjua. Borg hawakukombolewa na mtu. Chombo chao chenye umbo la mchemraba, kilichoharibika, kinashikiliwa na Waromulani wanaokichimba kutafuta teknolojia. Data hakurudi hadi msimu wa tatu, mwaka 2023. Riker na Troi, ambao katika riwaya wana binti aitwaye Tasha, katika runinga wana binti aitwaye Kestra na wanamlilia mtoto wa kiume aliyefariki. Hakuna namna ya kuzioanisha historia hizi mbili. Kitu kimoja kidogo kingeweza kufunikwa na mwandishi mwenye akili, kama ilivyofanyika mara nyingi huko nyuma, lakini hapa msingi wenyewe umekuwa mwingine.

Jambo linalonigusa ni kwamba uamuzi huu haukufanywa na watu wasiozijua riwaya. Kirsten Beyer, aliyekuwa akiandika riwaya za Voyager, chombo cha Janeway, tangu mwaka 2005, ni mmoja wa walioubuni mfululizo wa Picard, pamoja na Michael Chabon, ambaye naye ni mwandishi wa riwaya aliyepata tuzo ya Pulitzer mwaka 2001. Beyer alikaa katika chumba ambamo historia aliyoisaidia kuijenga kwa zaidi ya muongo mmoja iliwekwa kando. Na mwaka huohuo wa 2020, mwezi Oktoba, alitoa To Lose the Earth, riwaya yake ya mwisho ya Voyager, akaumalizia msafara wa wahusika wake kwa ukamilifu ingawa alijua kuliko mtu yeyote kwamba historia rasmi imekwenda njia nyingine. Hakuwadai wasomaji wachague kati ya kazi zake mbili. Mimi naona huo ni mfano wa uaminifu wa mwandishi kwa msomaji wake, na unastahili kutajwa kwa jina.

Riwaya nyingine zilizosalia zilifungwa mwaka 2021. Dayton Ward, James Swallow na David Mack waliandika vitabu vitatu vilivyotolewa mfululizo, Septemba, Oktoba na Novemba, chini ya jina la Coda. Wangeweza kuandika kisa cha kawaida na kuishia hapo. Badala yake waliukabili mgongano wenyewe na kuufanya uwe hadithi. Katika vitabu hivyo wahusika wanagundua kwamba ulimwengu wao ni mkondo wa wakati uliochipuka pembeni, kutokana na yale yaliyotokea Borg walipojaribu kubadilisha historia ya Dunia katika filamu ya 1996, na kwamba adui anayejilisha kwa uhai wa mikondo ya namna hiyo anaweza kuutumia mkondo wao kuyafikia maisha ya viumbe wasio na idadi katika mikondo mingine. Njia pekee ya kumzuia ni mkondo wao wenyewe kufutwa. Picard na wenzake wanajadiliana, wanapingana, wengine wanakataa hadi mwisho, na hatimaye wanachagua kutokuwepo ili wengine, yaani wale tunaowaona kwenye runinga, waendelee kuwepo.

Wapo wasomaji walioichukia kazi hiyo. Wanasema ingekuwa bora riwaya zikome kimyakimya, ili kila mtu aendelee kuamini moyoni kwamba Picard na Beverly wapo mahali fulani wakimlea René. Ninawaelewa, na ninakubali kwamba kitabu cha kwanza kina vifo vingi vinavyofuatana kwa kasi mno, kiasi kwamba msomaji hapewi muda wa kuomboleza mmoja kabla ya kuletewa mwingine. Hata hivyo siwezi kukubali kwamba ukimya ungekuwa bora. Hadithi inayokoma katikati humwachia msomaji shaka kwamba pengine muda wake ulikuwa bure, kwamba watu aliowafuata hawakuwa na maana kwa yeyote ila yeye. Coda ilimwambia kinyume chake. Ilimwambia kwamba wahusika wa riwaya walikuwa kamili kiasi cha kuweza kutoa maisha yao, na kwamba ulimwengu wa runinga upo kwa sababu wao walikubali usalimike. Mwandishi mwenye leseni, asiye na uwezo wa kubadilisha uamuzi wa mwenye mali hata kwa nukta moja, alipata njia ya kuugeuza uamuzi huo kuwa tendo la wahusika wake. Mimi sijaona ustadi mkubwa kuliko huo katika aina hii ya uandishi.

Sasa tuangalie upande wa pili. Riwaya za Star Wars zenye visa vipya zilianza mwaka 1978, zikapata nguvu mpya mwaka 1991 Timothy Zahn alipotoa Heir to the Empire na kumleta Admirali Thrawn, na kwa zaidi ya miaka ishirini zilisimulia maisha ya Luke, Leia na Han, mashujaa wa filamu za kwanza, baada ya filamu ya 1983: ndoa zao, watoto wao, vita vyao vipya. Mwaka 1999 riwaya ya R. A. Salvatore ilimuua Chewbacca, mwenzi wa safari wa Han, na kifo hicho kilibeba vitabu vyote vilivyofuata, hasa kwa namna kilivyomvunja Han Solo. Kisha Disney ikainunua Lucasfilm mwaka 2012, filamu mpya zikapangwa, na tarehe 25 Aprili 2014 ikatangazwa kwamba riwaya zote hizo hazihesabiwi tena katika historia rasmi, na zitakapochapishwa upya zitakuwa na jina la Legends juu ya jalada. Mwaka 2015 Chewbacca alionekana kwenye sinema akiwa hai. Watoto watatu wa Han na Leia waliokuzwa na riwaya tangu wachanga hawakuwepo. Alikuwepo mwana mmoja aliyeitwa Ben, jina ambalo katika riwaya lilikuwa la mtoto wa Luke.

Sina ugomvi na tangazo lenyewe. Lilikuwa wazi, lilitolewa mapema kabla ya filamu, na ni kweli kwamba hakuna mtunzi wa sinema ambaye angeweza kufanya kazi akiwa amefungwa na vitabu vingi namna hiyo. Ninachokisikitikia ni kwamba hakuna aliyeombwa kuandika mwisho. Mwaka 2012 vilitangazwa vitabu vitatu vya Christie Golden kuhusu Jaina Solo, binti ambaye wasomaji walikuwa wamemwona akikua kutoka utotoni hadi kuwa mpiganaji aliyempoteza kaka yake pacha kwa namna ya kutisha. Vitabu hivyo vilifutwa na havikuandikwa. Riwaya iliyokuja kuwa ya mwisho kwa mpangilio wa wakati, Crucible ya Troy Denning ya mwaka 2013, haikuandikwa kama hitimisho la kila kitu. Msomaji aliyezifuata kwa miaka ishirini aliachwa na ukurasa wa mwisho ambao haukujua kwamba ni wa mwisho. Vitabu vitatu tu vingetosha kumaliza deni hilo, na soko lake lilikuwepo, kama inavyothibitishwa na hatua ya mchapishaji, kuanzia mwaka 2021, ya kuzitoa upya riwaya hizohizo za zamani kwa majalada mapya.

Doctor Who ni mfano wa tatu, nao ni wa amani zaidi. Uingereza iliusitisha mfululizo huo mwaka 1989, riwaya zikauhifadhi hai, na uliporejea kwenye runinga mwaka 2005 hakuna aliyetangaza kwamba riwaya zimefutwa, kwa kuwa BBC haijawahi kutoa orodha ya kinachohesabiwa na kisichohesabiwa. Paul Cornell alikuwa ameandika riwaya ya Human Nature mwaka 1995 kwa Daktari wa saba, yaani shujaa yuleyule ambaye hubadilika sura na mwigizaji. Mwaka 2007 aliiandika upya yeye mwenyewe kuwa vipindi viwili vya runinga kwa Daktari wa kumi. Kwa hesabu kali, mambo yaleyale hayawezi kumtokea mtu mmoja mara mbili katika maisha mawili tofauti. Kwa msomaji wa kweli hilo halikuwa tatizo, na kazi zote mbili zinapendwa hadi leo.

Baadhi ya ndugu zangu husema kwamba hizi ni hadithi za kubuni tu, kwa hiyo kilichoandikwa hakijatokea na kilichofutwa hakikuwepo. Hoja hiyo inasahau kwamba hadithi hufanya kazi yake kwa kumbukumbu. Ninapomsoma Picard akimshika mwanawe katika riwaya ya mwaka 2013, uzito wa tukio unatokana na kumbukumbu yangu ya mtu yule aliyekuwa akiwaogopa watoto katika vipindi vya mwaka 1987. Mwendelezo ndio mtaji wa aina hii ya uandishi. Mchapishaji huuuza, na kila jalada linalosema kwamba kisa kinaendelea pale kilipoishia humwahidi mnunuzi kwamba kumbukumbu yake itaheshimiwa. Aliyepokea fedha kwa ahadi hiyo hawezi kugeuka na kusema kwamba ahadi ilikuwa ya kubuni.

Wengine hudhani kwamba runinga hutoa na riwaya hupokea tu. Si kweli, na sisi wasemaji wa Kiswahili tuna sababu ya pekee ya kulijua hilo. Luteni Uhura wa Star Trek, aliyeigizwa na Nichelle Nichols tangu mwaka 1966 na aliyesikika akisema Kiswahili katika kipindi cha mwaka 1967, hakuwa na jina la kwanza kwenye runinga. Jina la Nyota, ambalo leo kila mtazamaji analijua, lilichapishwa katika kitabu cha William Rotsler cha mwaka 1982, likatumiwa na waandishi wa riwaya na kupendwa na wasomaji, na likasikika kwenye sinema kwa mara ya kwanza mwaka 2009. Jina la Hikaru, la mwenzake Bwana Sulu, lilitoka katika riwaya ya Vonda McIntyre ya mwaka 1981 na likafika kwenye sinema miaka kumi baadaye. Afisa wa kwanza wa Nahodha Pike, aliyekuwa hana jina tangu kipindi cha majaribio kilichotengenezwa kati ya mwaka 1964 na 1965, aliitwa Una katika riwaya ya Greg Cox ya mwaka 2016, na runinga ikalichukua jina hilo mwaka 2019. Umbo la chombo cha Titan lilipatikana kwa shindano lililoendeshwa kwa ajili ya majalada ya riwaya. Mwaka 2020 chombo kilekile kiliruka katika mfululizo wa katuni wa Lower Decks, na wasomaji waliokuwa wamekiona kwenye karatasi kwa miaka mingi walikitambua papo hapo. Admirali Thrawn naye, aliyewekwa kando pamoja na riwaya zote mwaka 2014, alirejeshwa kwenye runinga mwaka 2016, na Zahn akaombwa kumwandikia riwaya mpya iliyotoka mwaka uliofuata. Wenye mifululizo wanajua thamani iliyomo katika vitabu hivi. Wanachota humo. Kwa hiyo kuwaachia waandishi kurasa za kumalizia si hisani. Ni malipo ya haki kwa watu ambao kazi yao inaendelea kutumika.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili lina sura yake. Riwaya hizi nyingi hutufikia kupitia meza za vitabu vya mitumba, moja moja, bila mpangilio, zikiwa zimetoka katika maktaba na nyumba za watu wa mbali. Kijana aliyetazama mfululizo wa Picard kwenye simu yake anaweza kukutana na kitabu cha pili cha Destiny kesho yake, akanunua kwa bei ndogo, akafika katikati na kuona Borg wanafanya mambo ambayo runinga inasema hayakutokea. Nimewasikia vijana wa namna hiyo wakisema kwamba kitabu kimekosea, au kwamba si cha kweli, na wakakiweka chini. Hakuna aliyewaambia kwamba kitabu hakijakosea, kwamba kina historia yake yenye mwanzo mwaka 2001 na mwisho mwaka 2021, na kwamba historia hiyo, kwa uzito wa fikra na wa hisia, inaishinda runinga mara nyingi. Msomaji anapotea kwa kukosa sentensi mbili za maelezo, na katika nchi ambazo tunalalamika kila siku kwamba vijana hawasomi, sioni kwa nini tukubali kumpoteza kwa sababu ndogo kiasi hicho.

Kwa hiyo ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni hili. Gazeti lako linapoandika uhakiki wa mfululizo mpya wa aina hii, mwandishi wako aongeze aya moja inayoeleza mfululizo unasimulia miaka gani ya hadithi, kama kuna riwaya zilizokwisha kuisimulia miaka hiyo, ni ipi ya kuanzia, na kama zina hitimisho. Kwa Star Trek aya hiyo inaweza kusema: anayetaka kisa cha runinga peke yake asome The Last Best Hope ya Una McCormack ya mwaka 2020, inayoeleza jinsi Picard alivyowahamisha Waromulani na kwa nini alijiuzulu, anayetaka historia ile nyingine aanze na Avatar au Destiny na aishie na Coda. Kwa Star Wars iseme wazi kwamba riwaya zenye jina la Legends ni nzima na zinafaa kusomwa, ila asitegemee kukuta kitabu cha kuzifunga. Wauzaji wa vitabu na wakutubi wanaosoma gazeti hili wanaweza kufanya vivyo hivyo kwa kipande cha karatasi kilichobandikwa ndani ya jalada. Mimi niko tayari kuisaidia meza yako ya utamaduni kuandaa maelezo hayo, bila malipo, kwa mfululizo wowote kati ya hii mitatu niliyoitaja, na anuani yangu umeipata pamoja na barua hii.

Wako,
Msomaji wa riwaya za kubuni za kisayansi,
Dar es Salaam